Siku mbili za kuonja kasiksi kabla ya arusi

Leo sileti habari ya mapigano. Leo nawasimulia namna sisi wasichana watano wa Luofu tulivyozunguka siku mbili tukionja vinywaji kabla ya arusi ya mwenzetu, na namna matembezi hayo yalivyoniletea ombi ambalo sikujua nilijibu vipi.

Najua kuna atakayeuliza: watu wanalala juu ya mabenchi ya shule, na wewe unaandika habari za pombe? Swali hilo nilijiuliza mimi mwenyewe kabla yenu. Nitalijibu, lakini munipe nafasi nianze mwanzo.

Nasema wasichana, lakini tumeshapita miaka thelathini, na watatu kati yetu wana watoto shuleni. Tunaitana wasichana kwa sababu tulikaa darasa moja pale Luofu, sekondari. Tulikuwa wanafunzi ule mwezi wa nne mwaka 2009, waasi wa FDLR walipoingia usiku na kuchoma nyumba zaidi ya mia mbili za kwetu. Watoto walifia ndani ya moto. Mwenye kuishi usiku ule anaujua, na asiyeujua sitamwongezea maneno. Nataka tu mujue kwamba urafiki wetu ulikomaa pale, tukitafuta sufuria ndani ya majivu. Tukajenga upya, tukamaliza masomo, kila mtu akashika kazi yake. Halafu mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2024 Kanyabayonga ikaingia mikononi mwa M23, Kirumba nayo ikafuata, na barabara ikajaa watu wenye magodoro vichwani kuelekea Lubero na Butembo. Sisi watano tulikuwa ndani ya watu hao.

Majina ya wenzangu sitayaandika. Nitawaita kwa kazi zao: mshonaji, muuguzi, mwalimu, na mwenye kuuza mawese. Mshonaji ndiye bibi arusi.

Wazo la kuonja lilitoka kwenye simu. Muuguzi alituonyesha video ya wasichana wa Afrika Kusini wakimsindikiza mwenzao siku chache kabla ya arusi. Wamevaa nguo nyeupe, wamekaa kwenye shamba la mizabibu, wanaletewa glasi moja moja, wananusa, wanaonja kidogo, wanacheka. Kule Cape ni mambo ya zamani: Waholanzi walipanda mizabibu mwaka 1655, na divai ya kwanza ikatoka mwaka 1659. Mshonaji aliangalia video ile mara tatu. Kisha akasema, “Na sisi tufanye vile. Lakini tuonje vyetu.”

Tukahesabu pesa. Likelemba yetu ilikuwa na kitu kidogo, na zamu ilikuwa ya mwenye kuuza mawese. Yeye ndiye aliyesema tuchukue. Na yeye ndiye pekee kati yetu asiyekunywa. Kaka yake aliharibikiwa na kindingi hadi akazikwa, na tangu siku hiyo hajaweka pombe mdomoni. “Mimi nitanusa,” akasema. “Pua yangu haijaapa.”

Siku ya posho tulianza hapa Butembo, komine Mususa, kwa mama mmoja anayetengeneza divai ya marakuja na ya nanasi ndani ya chumba nyuma ya jiko. Munapita mbele yake kila siku bila kujua. Ana bidoni saba zilizopangwa ukutani, na kila bidoni ina mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko na kuingia ndani ya chupa ya maji. Mwalimu akauliza ni ya nini. Mama akajibu, “Mwanangu, divai inapumua. Pumzi yake lazima itoke, lakini hewa ya inje isiingie. Hewa ikiingia, utanywa siki.”

Akatueleza kazi yake bila kuficha. Anakamua tunda, anachuja, anaongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari, na chachu kidogo. Siku za kwanza maji ndani ya chupa yanapiga mapovu kama sufuria ya maharagi. Mapovu yakipungua, anahamisha divai kwa mpira hadi bidoni nyingine na kuacha tope la chini. Anahamisha mara mbili, mara tatu, mpaka itakate. Mwenye haraka anauza baada ya majuma matatu. Yeye anangoja miezi miwili. “Haraka ndiyo inawaumiza watu kichwa,” akasema.

Marakuja anazipata kwenye vilima vya karibu. Nanasi zilikuwa zinatoka upande wa Beni, zikiletwa na mama mwenzake aliyekuwa na shamba kule. Siku hizi mama huyo hafiki shambani, kwa sababu ya wale wanaoua watu mashambani, na bidoni za nanasi zimebaki mbili. Kwa hiyo glasi ya nanasi tuliyoonja ilikuwa ndogo kuliko ya marakuja, na hakuna aliyelalamika.

Muuguzi alikuwa amejifunza kwenye simu namna ya kuonja: kwanza uangalie rangi kwenye mwanga, kisha unuse, kisha ushike kinywani kabla ya kumeza. Mwalimu akatoa daftari na kupiga mistari kama anasahihisha mtihani. Marakuja ikapata kumi na nne juu ya ishirini. Nanasi ikapata kumi na sita. Mama akakasirika kweli. “Marakuja kumi na nne? Wewe ni mwalimu wa wapi?” Tukacheka hadi majirani wakachungulia. Mwenye kuuza mawese alinusa glasi zote mbili, akafunga macho, akasema ya nanasi ina harufu ya barabara ya Beni zamani, wakati magari yalikuwa yanasimama na kila mtu ananunua. Tukanyamaza kidogo. Kila mmoja alikuwa na barabara hiyo kichwani.

Mshonaji akauliza kama padri angeweza kutumia divai kama hii kwa misa ya arusi yake. Nililijibu mimi, kwa sababu niliwahi kufanya kipindi juu yake: hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka divai ya zabibu. Hata pale Roma ilipokubali mwaka 1988 misa yetu ya Zaire, pamoja na ngoma na kuwakumbuka mababu, divai ilibaki ya zabibu. Mama wa bidoni akasema, “Basi Mungu anywe yake kanisani, na sisi tutakunywa yetu kwenye mali.”

Aliposema “kwenye mali,” niliona uso wa mshonaji umebadilika. Sikumuuliza. Jua lilikuwa linashuka, na munajua namna mji wetu unavyokuwa saa za jioni tangu tulipowekwa chini ya utawala wa kijeshi mwaka 2021. Tukarudi nyumbani mapema, tukalala wote watano chumba kimoja.

Siku ya yenga, baada ya misa ya kwanza, tulichukua pikipiki tatu kwenda Musienene. Kwenye kizuizi kimoja waliomba karte za uchaguzi. Mshonaji hana. Yake iliungua pamoja na sanduku lake njiani. Tulisimama pale karibu nusu saa, tukatoa kile munachokijua, tukapita. Simtaji mtu. Lakini wenye kukimbia bila karatasi wananielewa.

Musienene kuna mama mzee wa kwetu Luofu ambaye familia moja ilimpokea na kumwachia kona ya shamba la migomba. Analipia chakula chake kwa kuchuja kasiksi. Tulimkuta ameshafunua shimo. Alikuwa ametuambia mapema kwamba tutafanya kazi kabla ya kunywa. “Sitaki watalii,” alisema kwenye simu.

Kwa watoto waliozaliwa mjini, kasiksi inatengenezwa hivi. Ndizi za pombe, si zile za kupika, zinakatwa zikiwa mbichi lakini zimekomaa. Shimo linapashwa moto kidogo, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa, zinafunikwa kwa majani na udongo. Baada ya siku nne au tano, au zaidi kukiwa na baridi, zimeiva zote sawasawa. Zinamenywa, zinatiwa ndani ya mtumbwi wa mti, na zinakandwa pamoja na nyasi kali mpaka maji yatoke. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi ili juisi iteremke safi. Juisi ya siku hiyo ni tamu, na mtoto anaweza kuinywa. Halafu unaongeza unga wa mtama uliokaangwa, unafunika kwa majani, na kesho yake mtumbwi unaanza kuongea. Siku ya pili na ya tatu iko tayari. Siku ya tano imechacha, umechelewa.

Jirani zetu wote wana ya kwao. Wanyarwanda wanaita urwagwa, Waganda wanaita tonto, Wahaya wa Bukoba wanaita rubisi. Mti ni mmoja na kazi inafanana. Kila mtu ataapa kwamba ya kwao ndiyo bora.

Tulikanda hadi mikono ikawaka. Mama mzee akizunguka shamba alituonyesha migomba mitatu iliyokauka majani ikiwa bado michanga. Ni ule mnyauko ulioingia Kivu yetu tangu Masisi mwaka 2001. Ukikata tunda, ndani unakuta rangi ya kutu, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Hakuna dawa ya kupulizia. Ua dume lile jekundu la chini unaliondoa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa sababu wadudu wanaleta ugonjwa pale, na panga linaupeleka kwa mgomba mwingine. Panga ulilotumia unalipitisha motoni kabla ya kugusa shina la pili. Mama mzee analipitisha motoni kila mara. “Shamba si langu,” akasema. “Nikiliharibu, nitalala wapi?” Nimeandika hili kwa sababu wengi wenu sasa munalima mashamba ya watu, na ugonjwa huu unavunja urafiki kati ya mgeni na mwenyeji.

Kisha tukakaa na kuletewa ile ya siku ya tatu, ndani ya kibuyu kimoja chenye mirija. Muuguzi akataka kuangalia rangi kwenye mwanga. Mama mzee akamwambia kasiksi haina rangi ya kuangaliwa, ina ya kunywewa. Mwalimu akafungua daftari. Mshonaji alikunywa wa kwanza, kwa sababu siku zilikuwa zake.

Alivuta kidogo, akaacha mrija. “Ni nzuri, mama. Lakini si ya baba.”

Mama mzee akatikisa kichwa polepole. “Ya baba yako hakuna anayeiweza. Nilikuwa nakunywa kwake kabla wewe hujazaliwa. Anakaanga mtama mpaka unakaribia kuungua, halafu anautoa. Mimi naogopa, nautoa mapema.”

Hapo mshonaji akalia. Si kilio cha pombe, tulikuwa hatujanywa kitu.

Baba yake alikimbia pamoja na sisi mwaka ule. Baada ya majuma machache akarudi kuangalia shamba, akisema ni siku tatu tu. Njia ikafungwa nyuma yake. Mtandao unapatikana mara moja moja, mtu akipanda kilima, na kwa miezi miwili simu yake ilikuwa haipiti. Walijua kwa wapita njia kwamba yuko hai. Hakujua kwamba binti yake amechumbiwa.

Na hapa ndipo swali la mwanzo linapata jibu. Kwetu Wanande mali inahesabiwa kwa mbuzi, na kila mbuzi ana mwenyewe: wa baba, wa mjomba, wa shangazi, na wengine. Hata mbuzi akigeuzwa kuwa pesa, anatajwa kama mbuzi. Si desturi peke yake. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamdai mchumba na jamaa yake wapatane na wazazi wa msichana juu ya mali. Sheria hiyo hiyo inakataza ndoa kabla ya miaka 18. Katika kambi na nyumba tunamokaa, nimeona wasichana wakichukuliwa bila mzee hata mmoja kuketi. Mtu anasema ni vita, tutatoa baadaye. Baadaye mimba inakuja, mwanamume anahama na mzigo wake, na msichana anapokwenda kuuliza haki yake anaulizwa: nani alikuwa shahidi? Hakuna. Kwa hiyo glasi na kibuyu si mchezo. Pale watu wanapokunywa pamoja kwa sababu ya msichana, kuna watu wanaojua kwamba aliolewa, na nani alimpokea.

Mshonaji alikuwa na mchumba mwenye nia njema, mbuzi wametafutwa, tarehe imewekwa. Baba yake mdogo yuko hapa na anaweza kupokea. Lakini alikataa kupokea bila neno la kaka yake. “Nikipokea mbuzi za mtu aliye hai bila kumwuliza, nimemzika,” alisema. Mchumba naye alikuwa amengoja sana, na jamaa yake walianza kunung’unika.

Mshonaji akafuta macho, akaniangalia mimi. “Wewe una redio. Baba ana kiredio chake kidogo. Kila jioni anasikiliza. Tangaza.”

Wasikilizaji wangu, hapo niliona kibuyu kimekuwa kizito. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka kumi na sijawahi kutumia mikro kwa jambo la rafiki yangu. Na kulikuwa na zaidi ya hilo. Muuguzi alilisema kabla yangu: “Utangaze arusi? Siku na mahali? Unajua wanaotafuta watu waliokusanyika?” Wote tulijua. Katika Lubero na Beni watu wameuawa hata kwenye kilio. Na upande ule aliko baba, kutaja jina lake hewani ni kumwonyesha kidole: huyu ana familia upande wa pili.

Mwalimu akasema anastahili kujua, ni mtoto wake. Muuguzi akasema heri baba asijue kuliko azikwe. Walisemeshana kwa ukali mpaka mwenye kuuza mawese akawaomba washushe sauti.

Mama mzee akatoa shauri lake. “Semeni kwa mafumbo. Mseme ndizi zako zimeingia shimoni, ndugu yako atachuja. Atajua.”

Lilikuwa shauri zuri, na nililikataa. Nilimweleza kwa heshima: mama, wakati wa vita fumbo kwenye redio ni hatari kuliko neno la wazi. Askari wa upande huu atauliza shimo gani, wa upande ule atauliza ndizi gani. Wote wawili watadhani ni silaha. Redio ikifungwa, si sisi peke yetu tutakosa.

Akafikiri, akasema, “Basi sema ukweli, lakini ufupi.”

Tulirudi Butembo kabla ya giza. Kasiksi ilipata kumi na saba juu ya ishirini. Mwalimu alisema alama tatu amezihifadhi kwa baba.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mkurugenzi wetu nikamweleza yote, hata kwamba nimekunywa. Hakunijibu. Alivuta mtoto wa meza na kutoa karatasi. Zilikuwa jumbe kumi na moja za watu waliokuja mlangoni wakiomba tuwasalimie jamaa zao waliobaki upande wa pili. Mama aliyejifungua. Kijana aliyefaulu mtihani wa serikali. Mzee anayemwambia mke wake kwamba mguu umepona. Zilikuwa zimelala pale kwa sababu ile ile ya woga. Akaniambia, “Ukisoma ya rafiki yako, utasoma na hizi. Ukishindwa kuzisoma hizi, na yake usisome.”

Usiku ule tulikaa naye tukiandika upya ujumbe mmoja mmoja. Tulitoa majina kamili. Tulitoa kijiji, kambi, parokia na tarehe. Tuliacha jina lile ambalo linatumika jikoni tu: baba wa nani, au lile la utani ambalo wanajuana wenyewe. Tuliacha salamu na lile jambo lenyewe. Kazi hiyo ilichukua saa nne. Ya mshonaji ilibaki sentensi tatu: tuko salama wote, binti yako amepata mtu mwema, tunaomba neno lako ili mdogo wako akukalie kwenye kiti chako.

Nilizisoma zote kumi na mbili jioni, baada ya habari. Yake niliiweka ya tisa. Sauti yangu ilitetemeka kwenye ile ya mguu.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Muuguzi alinipigia simu usiku akauliza kama tumefanya vibaya. Sikulala. Mtu anayesema kazi ya redio ni kusema tu hajawahi kungoja hivyo.

Siku ya sita simu ya mshonaji ikalia, namba isiyojulikana. Alikuwa kwenye cherehani. Upepo ulikuwa mwingi upande ule, mzee alikuwa juu ya kilima. Alizungumza dakika mbili tu, na mshonaji amenikubalia niandike alichosema. Aliuliza mchumba ni mtoto wa ukoo gani. Aliuliza kama mama yake anakula. Akasema, “Mdogo wangu apokee. Lakini mbuzi wangu asichinjwe, asiuzwe. Munifugie. Nitakuja kumchukua mwenyewe.” Halafu akauliza nani anachuja kasiksi ya siku hiyo. Alipoambiwa, akasema, “Mwambieni asiogope moto wa mtama.” Simu ikakatika.

Mali imetolewa. Sisemi lini wala wapi. Baba mdogo aliketi, kibuyu kilizunguka, mbuzi walitajwa mmoja mmoja na mashahidi wakasikia. Mama mzee alikaanga mtama mpaka tukaogopa, na mwalimu hakutoa alama. Mwenye kuuza mawese alinusa, akatabasamu. Mbuzi wa baba ni jike mweusi mwenye doa jeupe. Anakula majani nyuma ya nyumba tunamokaa, na juma lililopita tulimgundua kwamba ana mimba.

Kati ya jumbe zile kumi na mbili, tano zimepata jibu mpaka leo. Mkurugenzi amekubali tuendelee. Kama una jamaa upande wa pili na unataka kumsalimia, uje mlangoni, na mbele ya kuja ufikiri haya: jina gani analijua yeye tu? Ni jambo gani moja anapaswa kusikia? Acha mahali, acha tarehe, acha safari. Usilete fumbo. Leta ukweli, ufupi. Hatuombi pesa.

Na wasichana munaochukuliwa bila watu kuketi, mutafute hata mzee mmoja, hata mbuzi mmoja, hata kibuyu kimoja. Mtu aone. Mtu ajue.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Luofu, nikiwa hapa Butembo.